Kikosi gani ni kiboko ya vyote?

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na natumai hujambo wewe na wote walio karibu nawe. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu, hasa pale ulipovipanga vikosi maalumu vya dunia kama msimamo wa ligi: SAS wa Uingereza kileleni, SEAL wa Marekani nafasi ya pili, Waisraeli wa tatu, Warusi wa nne kwa sababu "hawana huruma", na Wafaransa umewatupa mkiani bila hata maelezo. Halafu unaniuliza kama nakubaliana nawe.

Sikubaliani nawe, na nitakuambia kwa nini. Umepima sifa ukadhani umepima uwezo. Sifa hutegemea nani alikuwa na kamera siku ile, na nani alistaafu akaandika kumbukumbu zake. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndugu yangu. Doria moja tu ya SAS ya watu 8, iliyotumwa Iraq mwaka 1991, imesimuliwa na waliokuwamo kwa namna zinazopingana. Watatu walikufa, wanne wakatekwa, mmoja akavuka mpaka kwa miguu hadi Syria. Operesheni yenyewe ilishindwa, lakini ndiyo iliyowapa umaarufu kuliko nyingi zilizofaulu. Na zilizofaulu kimyakimya hatuzijui, maana serikali ya Uingereza ina desturi ya kutozungumzia kazi za vikosi vyake maalumu. Sasa mtu wa nje atapangaje msimamo wakati nusu ya mechi hajaziona?

Kuna kipimo kimoja ambacho hata sisi wa nje tunaweza kukitumia. Usitazame siku ambayo kila kitu kilikwenda sawa. Tazama mambo yalipoharibika, kisha uliza kama kazi ilifanyika hata hivyo, na kama ilifanyika, ni nini kilichoibeba.

Chukua majuma mawili tu ya mwaka 1980. Usiku wa tarehe 24 Aprili Wamarekani waliingia Iran kwenda kuwakomboa watu wao walioshikiliwa katika ubalozi wao mjini Tehran tangu Novemba ya mwaka uliotangulia. Kazi walipewa Delta, kikosi ambacho Kanali Charles Beckwith alikiunda mwaka 1977 baada ya kuishi na SAS mwanzoni mwa miaka ya 60 na kuiga kwao mengi, kuanzia mchujo wa askari hadi muundo wa vikundi vidogo. Helikopta 8 ziliruka kutoka meli ya kivita Nimitz. Moja ikaachwa jangwani kwa hitilafu ya pangaboi. Ya pili ikageuza kwa ajili ya vumbi. Ya tatu ikafika mahali pa kujazia mafuta lakini mitambo yake ikiwa haifai tena kuruka. Zikabaki 5, na mpango ulidai zisipungue 6. Ikatolewa amri ya kughairi. Katika kuondoka, helikopta moja ikaigonga ndege iliyobeba mafuta, moto ukalipuka, wakafa wanajeshi 8. Watekaji wenyewe Delta hawakuwaona hata kwa mbali.

Tarehe 5 Mei, mwaka huohuo, SAS wakauvamia ubalozi wa Iran jijini London, ambako watu 6 wenye silaha walikuwa wameingia siku chache kabla na kuwashika watu 26. Kamera zilikuwa barabarani, zikirusha moja kwa moja. Dunia ikawaona watu waliovaa nyeusi na barakoa za gesi wakishuka kwa kamba na kulipua madirisha. Dakika 17, kazi ikaisha. Watekaji 5 kati ya 6 waliuawa. Mateka mmoja alikuwa ameshapigwa risasi kabla ya uvamizi, na mwingine aliuawa wakati wa uvamizi wenyewe. Waliobaki wakatoka hai. Tangu siku hiyo SAS ni SAS.

Sasa niambie: je, Delta walikuwa askari hafifu kuliko SAS? Malezi yao ni yaleyale. Na usidhani London mambo yalinyooka. Askari mmoja alinasa kwenye kamba yake juu ya dirisha, mapazia yakashika moto chini yake, akaungua miguu huku wenzake wakihangaika kuikata kamba. Kamba ya mtu mmoja kunasa ni mkosi mdogo? Ilimaanisha upande mzima wa nyuma hauwezi kulipua kama ulivyopangwa. Wakavunja kwa mikono wakaingia. Walikuwa wamepata siku za kufanya mazoezi kwenye mfano wa jengo uliotengenezwa kambini mjini humohumo. Ndege za abiria ziliombwa zipite chini juu ya mtaa ule ili kelele zao zifunike sauti ya mafundi wanaotoboa kuta na kupachika vinasa sauti. Polisi walikuwa kwenye simu na watekaji hadi dakika ya mwisho. Mkosi wao uliangukia kwenye godoro, ule wa Delta uliangukia kwenye jiwe, katikati ya jangwa, usiku, helikopta za jeshi la majini zikiendeshwa zaidi na marubani wa jeshi jingine, ndege za mafuta zikiwa za jeshi la anga, na watu wote hao hawakuwahi kufanya mazoezi kamili ya operesheni nzima pamoja.

Wamarekani, nawapa haki yao, walisoma. Desemba ya mwaka 1980 waliunda kamandi ya pamoja ya operesheni hizi, na mwaka 1981 wakaanzisha kikosi cha helikopta ambacho kazi yake ni kuwabeba makomando usiku na si kingine. Kisha ruka hadi Mei 2011, Abbottabad, Pakistan. SEAL wanakwenda kwa Osama bin Laden, na dakika ya kwanza kabisa helikopta moja inaanguka ndani ya ua! Ungekuwa mwaka 1980, tungekuwa tunahesabu maiti. Lakini rubani aliiangusha kwa ustadi, askari wakatoka wakaendelea, na helikopta za akiba zilikuwa zimeshasogezwa karibu zikisubiri. Walikuwa wamerudia zoezi hilo kwenye mfano wa nyumba ile. Na nyumba yenyewe iligunduliwa na wapelelezi waliomfuatilia mjumbe wa bin Laden kwa miaka. Ukisema "SEAL walimmaliza bin Laden" husemi uongo, ila umewataja walioshika mtutu tu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Waisraeli umewapa nafasi ya tatu kwa sababu ya Entebbe, uwanja wa ndege wa Uganda ambako abiria wa ndege iliyotekwa walikuwa wameshikiliwa, na nakubali, Julai 1976 ile haina mfano. Ndege 4 za Hercules zilivuka kiasi cha kilomita 4,000 zikatua usiku katika uwanja wa Idi Amin, na mateka 102 kati ya 106 wakarudi. Hata pale mpango ulichafuka mapema: walinzi wa Uganda walikutana na Mercedes nyeusi iliyoletwa kuwahadaa, risasi zikapigwa kabla ya wakati, na kamanda Yonatan Netanyahu akauawa. Kilichobeba ni kasi, pamoja na taarifa. Mateka walioachiwa mapema walihojiwa Paris mmoja baada ya mwingine, na jengo la uwanja lilikuwa limejengwa na kampuni ya Israeli, kwa hiyo ramani zilikuwepo. Nairobi ikaruhusu ndege zijaze mafuta wakati wa kurudi. Sehemu isiyosimuliwa na mashabiki ni kwamba bibi mzee Dora Bloch, aliyekuwa amepelekwa hospitali mjini Kampala, aliuawa baadaye, na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda nao wakauawa kwa kisasi.

Lakini kikosi hichohicho, Sayeret Matkal, miaka miwili nyuma, Mei 1974, kilivamia shule ya Ma'alot, ndani ya nchi yao wenyewe, ili kuwaokoa wanafunzi walioshikwa na wapiganaji wa Kipalestina, na wanafunzi zaidi ya 20 wakauawa. Mchujo ulikuwa uleule, na ushujaa uleule. Ukiwapa alama kwa Entebbe peke yake unajidanganya.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote vya aina hii ni cha kambi ya Son Tay, karibu na Hanoi, Novemba 1970, kwa sababu kinawachanganya wapangaji wote wa misimamo. Wamarekani 56 walishuka kwa helikopta kwenda kuwakomboa wenzao waliofungwa. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa miezi huko Florida. Kundi moja lilitua kimakosa kwenye kambi ya jirani, likapigana, likapanda tena helikopta na kujiunga na wenzake kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Chini ya nusu saa, hakuna aliyekufa upande wao. Utekelezaji wa kuonewa wivu. Ila milango ya vyumba ilipovunjwa hapakuwa na mfungwa hata mmoja: walikuwa wamehamishwa tangu Julai. Je, kikosi hicho kilifaulu au kilishindwa? Mimi nasema kikosi kilifaulu na nchi yake ikashindwa, na katika vitabu vya hesabu vya sifa hakuna safu ya jambo kama hilo.

Haya, sasa nikupe jina ambalo halimo kabisa kwenye orodha yako. Peru. Ndiyo, Peru. Desemba 1996 wapiganaji 14 wa kundi la waasi la MRTA waliingia makazi ya balozi wa Japani mjini Lima kwenye tafrija, wakashika mamia ya wageni, wakaachia wengi polepole, wakabaki na 72. Siku 126. Wakati dunia imechoka kutazama, jeshi la Peru lilikuwa linachimba. Waliletwa wachimba madini wakatoboa njia za chini kwa chini hadi chini ya jengo, huku muziki wa jeshi ukipigwa kwa vipaza sauti mchana kutwa ili kelele za kuchimba zisisikike. Vinasa sauti viliingizwa ndani vikiwa vimefichwa katika vitu walivyopelekewa mateka. Wakajenga mfano wa nyumba nzima, makomando wakaizoea hadi wanaweza kuipita gizani. Ndani, baadhi ya mateka walikuwa maofisa wa jeshi, na mmoja wao alikuwa na njia ya kuwasiliana na nje kwa siri.

Kilichoamua saa ya kushambulia ni mpira. Watekaji walizoea kucheza kandanda ukumbini mchana. Tarehe 22 Aprili 1997, wapelelezi waliposikia mpira umeanza, wakalipua sakafu chini ya wachezaji. Mateka 71 kati ya 72 wakatoka hai. Makomando 2 walikufa. Watekaji wote 14 waliuawa. Hakuna aliyewahi kuvaa fulana yenye nembo ya kikosi kile mitaani, lakini kwa uvamizi wa jengo lililojaa watu, baada ya watekaji kupata miezi 4 ya kujizatiti, sijui wa kuwalinganisha nao. Lakini doa lipo, nisifiche: mwaka 2015 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba mmoja wa watekaji aliuawa akiwa ameshakamatwa.

Wafaransa, uliowadharau, nitawatetea kwa ufupi. Kikosi chao, GIGN, ni askari wa jandamaria, yaani polisi wa kijeshi, na wanajulikana kwa kutopenda kufyatua ovyo. Tarehe 26 Desemba 1994 huko Marseille walipanda ndege ya Air France iliyotekwa Algiers, wakapigana kwa risasi na watekaji waliokuwa katika chumba cha marubani. Kadhaa kati yao walijeruhiwa. Watekaji wote 4 walikufa, na hakuna abiria aliyeuawa katika uvamizi ule. Nao GSG 9 wa Ujerumani, ambao ni polisi hata wanajeshi si, walizaliwa kutokana na aibu ya Munich mwaka 1972, ambako wanamichezo wa Israeli walitekwa na kuuawa wakati wa Olimpiki, na Oktoba 1977 pale Mogadishu waliwatoa hai mateka wote waliokuwa bado ndani ya ndege ya Lufthansa. Ukiwa ndani ya ndege iliyotekwa, omba waje hawa kabla ya yeyote uliyemweka juu yao.

Maana kinyume chake kipo. Kikosi 777 cha Misri kilitua Larnaca, Cyprus, Februari 1978 kwenda kuokoa mateka ndani ya ndege, bila ruhusa ya wenyeji, na walinzi wa Cyprus wakawafyatulia risasi: Wamisri 15 wakafa uwanjani mikononi mwa watu ambao hawakuwa adui. Malta, Novemba 1985, kikosi hichohicho kililipua kuingia katika ndege ya EgyptAir iliyotekwa, ikashika moto na moshi. Zaidi ya watu 50 walikufa katika mkasa ule. Askari mmoja mmoja walikuwa jasiri, sina shaka. Ujasiri haukuwa ndio upungufu.

Na kuna upungufu wa aibu zaidi: usafiri. Novemba 2008 watu 10 waliishambulia Mumbai, na makomando wa India wa NSG walikuwa kambini karibu na Delhi, wakasubiri ndege, wakafika asubuhi iliyofuata. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, shambulio lilianza alfajiri. Kikosi cha Recce cha polisi wa Kenya, ambacho kwa weledi hakuna anayekibeza, kilifika mchana. Kilipoingia, kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Waliouawa walikuwa 148. Kwa hiyo Recce tuwape nafasi ya ngapi? Unaona swali lenyewe linavyokataa kujibiwa. Ungeweza kuwa na makomando bora kuliko wote duniani, na bila ndege iliyo tayari ukawa huna kitu.

Warusi. Hoja yako ya "hawana huruma" umeitoa kwenye video za watu wanaovunja matofali kwa vichwa, na mimi tofali halijawahi kunishambulia. Alfa, kikosi cha idara ya ujasusi ya KGB, pamoja na wenzao waliliteka jumba la rais Kabul Desemba 1979 kwa muda mfupi na kwa ukali mkubwa, hilo ni kweli. Lakini Oktoba 2002, ukumbi wa maonyesho wa Dubrovka, Moscow, uliokuwa umetekwa na watazamaji wake, walipuliza gesi ya kulewesha, wakawaua watekaji wote, kisha mateka wapatao 130 wakafa, karibu wote kwa gesi ileile, kwa sababu madaktari hawakuambiwa ni gesi gani na wagonjwa walilazwa chali hadharani wakakosa pumzi. Makomando walitimiza yaliyowahusu. Waliotakiwa kuwapokea mateka mlangoni ndio ambao hakuna aliyewapanga.

Mateso ya mchujo nayo umeyasifu sana: wiki ya SEAL ya siku 5 na nusu ambayo mtu hulala chini ya saa 4 kwa jumla, na milima ya Wales ambayo mtu wa SAS huipanda na mzigo mgongoni akikimbizana na saa. Kweli yanachuja. Yanamwambia kamanda nani hatakata tamaa. Hayamwambii nani atajizuia asimpige risasi aliyenyoosha mikono. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Australia wamelinywa. Novemba 2020 uchunguzi wa kijeshi uliosimamiwa na Jaji Paul Brereton ulikuta ushahidi wa kuaminika kwamba askari wa vikosi maalumu vya Australia waliwaua kinyume cha sheria watu 39 nchini Afghanistan, na kwamba askari wachanga waliamriwa kuua wafungwa ili kupata damu yao ya kwanza. Skwadroni nzima ikavunjwa. Miaka yote hiyo sifa ya kikosi ilikuwa juu, na nadhani ndiyo iliyowafanya wakubwa wasiulize maswali. Komando asiyeulizwa swali na mtu yeyote ni hatari hata kwa nchi yake.

Nimalizie na Colombia. Tarehe 2 Julai 2008, waasi wa FARC walikabidhi mateka 15, akiwemo mwanasiasa Ingrid Betancourt na Wamarekani 3, kwa helikopta nyeupe ya shirika la misaada iliyokuja kuwahamisha. Shirika halikuwepo. Wale walikuwa wanajeshi wa Colombia waliokuwa wameingilia mawasiliano ya redio ya waasi hadi kamanda wa waasi akaamini anapokea amri za wakubwa wake, na akapanda mwenyewe helikopta hiyo. Walipopaa wakamkamata, wakawaambia mateka kwamba wako huru. Haikupigwa risasi hata moja. Palitokea kosa zito, mmoja wao alivaa nembo ya Msalaba Mwekundu, jambo lililokatazwa vitani kwa sababu nzuri kabisa, na Rais Uribe akalazimika kuomba radhi.

Hao sikuwaona kwenye orodha yako. Nijibu ukipata nafasi, na kama una hoja ya kuwatetea Warusi ilete yenye tarehe na jina la mahali. Wasalimie wote.

Wako,
Swahiba